Haipo, Haiko au Haimo? Kauli ya Tarakilishi na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kuna dhana iliyokita mizizi katika idara zetu za Kiswahili kwamba kujenga programu za tarakilishi kutoka msimbo chanzo ni kazi ya wenzetu wa sayansi, na kwamba sisi wa fasihi na isimu tutosheke kuzitumia zikishaiva. Dhana hii naipinga. Naipinga kwa sababu kizingiti kinachowarudisha wengi nyuma katika kazi hiyo aghalabu si hisabati wala uhandisi, bali ni usomaji wa sentensi moja fupi. Na kusoma sentensi ndiyo kazi tuliyojia chuoni.

Tuchukue mfano wa Hunspell, programu huria ya kusahihisha tahajia iliyoasisiwa na László Németh kwa ajili ya Kihangari na ambayo hutumiwa ndani ya LibreOffice na Firefox. Kihangari, sawa na Kiswahili, ni lugha ambishi bainishi, ila uzito wake umeelemea kwenye viambishi tamati. Kwa kawaida Hunspell huambua matabaka mawili ya viambishi tamati na tabaka moja tu la viambishi awali. Ukitaka mawili ya awali, sharti uandike agizo la COMPLEXPREFIXES katika faili ya viambishi, na hapo tamati hubakiwa na tabaka moja. Sasa tazama neno "hatukumwambia": ha-, tu-, ku-, mw-, viambishi vinne kabla ya kufikia shina! Mwanaisimu anayetaka kuijaribu mipaka hiyo, au kuipanua, hana budi kuingia jikoni. Anapakua msimbo, anaandika ./configure, na baada ya mistari mingi kupita mbio anaarifiwa kwamba maktaba fulani, tuseme ncurses au readline, haikupatikana.

Hapo ndipo wengi hufa moyo. Husoma "haikupatikana" wakaelewa "haipo". Wengine huhakikisha kwamba maktaba hiyo imo katika mashine yao, wakaona kweli imo, kisha wakahitimisha kwamba tarakilishi inasema uongo. La hasha! Tarakilishi haijasema uongo. Imesema jambo dogo kuliko lile tulilolisikia.

Kiswahili kimetujalia viambishi vitatu vya mahali, navyo vinatosha kulifumbua fumbo hili. Haipo: mahali mahususi. Haiko: mahali kwa jumla. Haimo: ndani. Skripti ya configure haina uwezo wa kutamka la pili. Haizunguki mashine nzima ikipekua. Inachofanya ni kuandika kijiprogramu kidogo kinachoazima kitu kutoka kwenye maktaba inayotafutwa, kisha kujaribu kukijenga. Kikijengeka, jibu ni ndiyo. Kikishindikana, kwa sababu yoyote ile, jibu ni la. Kwa hivyo tafsiri adilifu ya kauli yake ni "haimo", yaani haimo katika saraka nilizoelekezwa, au haimo kwa umbo ninalolihitaji. (Neno "maktaba" lenyewe sina ugomvi nalo. Maktaba ni mahali pa kuazima, na programu nazo huazima.)

Sababu iliyozoeleka zaidi ni hiyo ya umbo. Mifumo ya Debian na Ubuntu huigawa maktaba katika vifurushi viwili: kimoja cha kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa, na kingine cha kujengea mpya. Hiki cha pili ndicho chenye faili za vichwa, zile zinazoishia kwa .h, na jina lake huishia kwa -dev, kwa mfano libreadline-dev. Katika Fedora huitwa readline-devel. Aliye na kifurushi cha kwanza pekee ni kama mtu aliye na mkate lakini hana unga: atakula, hataoka.

Sababu nyingine huwahusu hasa wanafunzi wanaotumia tarakilishi za maabara, ambazo hawana idhini ya kuzibadilisha. Hao huisakinisha maktaba ndani ya saraka zao wenyewe kwa --prefix, mahali ambapo configure haina desturi ya kupachungulia. Ikiwa programu inayojengwa huuliza kupitia pkg-config, basi kigeu cha PKG_CONFIG_PATH sharti kielekezwe penye faili za .pc za maktaba hiyo. Jambo ni kuonyesha njia tu.

Ila kabla ya kusakinisha chochote, isomwe config.log. Faili hii huachwa na configure katika saraka ile ile ya kazi, nayo huhifadhi kila kijiprogramu kilichoshindikana pamoja na maneno halisi ya kompaila kilipokataa. Usianzie mwisho wake, kwani huko kumejaa orodha ya vigeu. Litafute jina la maktaba, kisha usome mistari iliyo chini yake. Nashangaa kwamba watu wanaoweza kutumia juma zima kufasiri ubeti mmoja wa utenzi huikimbia faili hii eti ni ndefu.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, na hivyo ukathibitisha kwamba menyu za tarakilishi zaweza kusema Kiswahili. Maoni yangu ni kwamba zamu ya jumbe za makosa imewadia, na kwamba zisifasiriwe na watu wasiowahi kukumbana nazo. Mfasiri aliyekaa kitini atatuandikia "haipo" na kuwapotosha maelfu. Aliyeijenga Hunspell kwa mikono yake ataandika "haimo".

Lakini lipo tatizo ambalo hata "haimo" haitoshi. Programu ikishajengwa na kusakinishwa kwa make install, huenda ikakataa kuanza, ikidai kwamba haiwezi kuifungua maktaba ile ile iliyosakinishwa dakika moja iliyopita. Maktaba imo, tena mahali pake. Ila orodha ambayo mfumo hutumia kuzitafutia maktaba haijaandikwa upya, na dawa yake ni amri ya ldconfig. Hapa nimependekeza "haijaorodheshwa". Mwenzangu wa isimu anashikilia "haijatambuliwa". Mwenye neno bora na alilete katika toleo lijalo.