Umeme Tunaulalamikia Kijiweni, Daftari Analo Nani?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Isaka. Kwa asiyepajua, ni pale Msalala, mkoani Shinyanga, kwenye bandari kavu ambapo reli inakutana na malori ya Rwanda na Burundi. Nyumba nyingi pale ni za kupanga: vyumba vitano au sita, korido moja, mita moja ya luku. Jioni moja wapangaji wa nyumba ya jirani walikuwa wanazozana. Wamechanga 5,000, uniti zimekuja chache kuliko walivyozoea, na wote wanamtazama mwenye friji kama mwizi.

Mwenye friji hakuwa na kosa. Mwezi ulikuwa mpya, na kwenye manunuzi hukatwa kodi ya jengo. Ilianza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua luku ni mpangaji. Ikitoka kwenye 5,000 inabaki 3,500. Kwa bei ya takribani 356 kwa uniti, hapo hufikishi hata uniti 10.

Kwa nini 356 na siyo 122? Hapa ndipo penye mambo. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ana bei ya nafuu, kama shilingi 122 ukijumlisha kodi na tozo. Nafuu hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo. Lakini hesabu inafuata mita, haimfuati mtu. Chukua familia sita kwenye mita moja, kila moja inatumia uniti 20 tu. Mita inasoma 120. Maskini sita wakijumlishwa wanageuka tajiri mmoja, wakati mtu mwenye nyumba yake peke yake, anayetumia uniti 70, anakula nafuu. Nyie mnaokaa mageto ya nje ya chuo mnanielewa.

Sidhani kama kuna aliyekaa akapanga kuwaonea wapangaji. Ila jambo kama hili ukiwa ofisini Dodoma hulioni, kwa sababu orodha ya mita haisemi nyuma ya kila mita wanalala watu wangapi. Anayejua ni mtu wa Isaka.

Na kisheria mlango upo. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA CCC, litusemee sisi watumiaji. TANESCO wakiomba kubadilisha bei, EWURA huitisha taftishi, wananchi wanasikilizwa, na Baraza linatoa hoja zake. Tatizo ni kwamba kutoka taftishi hadi korido ya Isaka ni mbali, na katikati hakuna anayebeba habari.

Ndiyo maana napendekeza kila kata iwe na kamati ya ushauri wa nishati, ya kujitolea. Watu saba wanatosha: mpangaji, mwenye mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea, mama lishe, nesi wa zahanati, mwalimu na mwanafunzi. Kazi yao iwe kuandika. Umeme umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi, kitu gani kimeungua, mita moja ina familia ngapi. Kila miezi mitatu daftari lifupishwe, nakala iende kwenye Baraza na nyingine ibandikwe ofisi ya kata.

Najua mtasema: ushauri tu, tena bila posho? Kwetu kujitolea si jambo geni. Sungusungu ilizaliwa huku huku, Kahama na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwano ukilia watu walitoka, hakuna aliyeuliza bahasha. Lakini wazee wanakumbuka pia upande wa pili: nguvu ilipozidi, wapo walioadhibiwa bila kusikilizwa. Mimi kamati isiyoweza kumkamata wala kumtoza mtu faini hainisumbui. Itabidi ishinde kwa ushahidi.

Wengine wanangoja mkubwa aingilie. Mwaka 2016 TANESCO waliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, EWURA wakaridhia 8.53, na kabla bei haijaanza Serikali ikaizuia. Tulishangilia. Lakini hiyo ilikuwa huruma ya siku moja, na huruma haina kalenda. Hoja iliyoandikwa unaweza kuirudisha mezani hata mara kumi.

Hatari ya kweli naiona kwingine: kamati igeuke ngazi ya mtu anayetafuta udiwani, au daftari lipelekwe na lisijibiwe. Kwa la kwanza, mwenye nia ya kugombea asikae. Kwa la pili, majibu yadaiwe kwa maandishi, na ukimya nao uandikwe na kubandikwa. Watu wanaojitolea hawachoki kwa kukosa posho peke yake, wanachoka kwa kukosa majibu.

Sisi wa ualimu tumefundishwa kutunza mahudhurio mpaka tunaota. Wa uhandisi wanajua mita, wa sheria wanajua vifungu. Likizo ijayo, kabla hujakaa kijiweni kulaumu luku, zunguka mtaa wenu na daftari la kurasa 48. Hesabu mita, hesabu familia. Mimi nimeanza na nyumba ile ya jirani: mita moja, familia sita, watu 19, friji moja.