Ndovu wa Khalifa na Maji ya Bibi Zubayda

Khalifa Harun Rashid wa Baghdad alimpelekea Charlemagne, mfalme wa Kikristo wa Wafaranki, tunu ya ndovu aliyeitwa Abul-Abbas. Ndovu alifika Aachen mwaka 802, akafa mwaka 810. Wanahistoria hawachoki kumtaja.

Mke wa Khalifa, Bibi Zubayda binti Jaafar, hatajwi sana, nami naona si haki. Yasimuliwa kwamba alipohiji aliwakuta mahujaji wakitaabika kwa kiu, na maji Makka yakiuzwa kwa bei ya kuumiza. Akatoa mali yake mwenyewe. Mafundi wakapasua majabali hadi mkondo ukaingia mjini. Katika njia itokayo Kufa, jangwa la zaidi ya kilomita 1,200, akachimbisha visima na kujengesha mabirika. Njia hiyo hadi leo yaitwa Darb Zubayda.

Utajiri haukumkinga na msiba. Mwaka 813 mwanawe, Khalifa Amin, aliuawa katika vita baina yake na Maamun, nduguye kwa baba. Bibi Zubayda alifariki mwaka 831. Mkondo wake, ukitengenezwa kila ulipoharibika, uliwanywesha watu wa Makka hadi karne ya 20, na bila shaka mabibi zetu waliohiji kwa jahazi walikunywa humo.