Jumapili haina foleni

KUTOKA NG'AMBO
Na Mwajuma Kilindo

Mdogo wangu alipata uhamisho kutoka Tabora, ofisi yake mpya ikiwa Posta, Dar es Salaam, na kabla hata hajafunga mizigo dalali alikwishampata. Sijui hawa watu hunusa vipi. Akanipigia: "Dada, nimepata sehemu Kimbiji. Hewa safi, bahari hii hapa, na kiwanja bei ya kuokota." Nikamuuliza anaenda kuiona lini. Jumapili, akasema.

Nikaguna. Jumapili jiji hili ni jiji jingine. Pantoni unaingia kwa mwendo wa harusi, hakuna anayekukanyaga, barabara ya Mjimwema nyeupe. Dalali analijua hilo kuliko mtu yeyote. Sijawahi kusikia amempeleka mteja kuona nyumba Jumatatu alfajiri mvua ikinyesha.

Tukaenda, mimi, yeye, wifi yangu na watoto wawili. Njiani tukapita Gezaulole, na nikawaeleza kwamba kwa Kizaramo jina hilo ni "jaribu uone". Wifi akacheka. Kimbiji yenyewe iko mbali kusini, kilomita zipatazo 40 kutoka kivuko cha Feri. Zamani ilihesabiwa Temeke, kabla Kigamboni haijamegwa kuwa wilaya. Na sitasema uongo, ni pazuri. Minazi, upepo, mchanga ambao bado haujajaa chupa za plastiki. Mdogo wangu alikwishaanza kupima kwa hatua mahali pa kuweka banda la kuku. Wifi yeye aliuliza swali moja tu: "Shule iko wapi?" Dalali akanyoosha mkono kuelekea mahali fulani mbele ya mikorosho. Mkono wa dalali hauna kilomita.

Niliwaomba kitu kimoja: walale. Kuna jamaa yetu anaishi huko, akatupa chumba. Jumatatu tukaamka saa kumi usiku, saa kumi na moja tuko barabarani. Bodaboda, kisha daladala la kwenda Feri, kisha foleni ya pantoni. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache na nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200. Kinachokula maisha ni kusubiri geti lifunguliwe, maelfu ya watu mmebanana kama dagaa. Mdogo wangu aliingia Posta saa mbili na robo, shati limelowa. Hakusema kitu. Alirudi saa tatu usiku, watoto wamelala.

Mwenye gari atasema kuna daraja. Ni kweli, Daraja la Nyerere lipo tangu Aprili 2016, mita 680 juu ya mkondo wa Kurasini, na limetusaidia sana. Lakini gari linalipia kupita, linakula mafuta, na ukishavuka unaingia kwenye foleni ya barabara ya Mandela pamoja na malori ya bandarini.

Hata hivyo baba siye ninayemsikitikia zaidi. Baba akichelewa ofisini ataeleza. Mimi nauliza mtoto ataendaje shule, kwa sababu katika Dar es Salaam mtoto aliyevaa sare ni abiria asiyetakiwa. Nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda humzuia mlangoni hadi wakubwa waingie, na gari likijaa linaondoka. Kila asubuhi utawaona vituoni, Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta, kote, wameshika daftari na kukimbilia kila basi. Anayefika amechelewa anaadhibiwa kana kwamba yeye ndiye konda. Ndiyo maana mimi nikiulizwa mtaa mzuri ni upi najibu kabla ya yote: ule ambao mtoto wako atakwenda shule kwa miguu. Bahari baadaye. Hata umbali wa kazini baadaye.

Na maji. Chini ya Kimbiji na Mpera kuna hazina kubwa ya maji ya ardhini, na visima virefu vimechimbwa huko kwa ajili ya jiji. Usidhani kwa hiyo bomba la mtaani kwako litatoka kila siku. Muulize jirani anayefua, siyo dalali, maji hutoka mara ngapi kwa wiki na dumu linauzwa bei gani yakikatika.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja wa ziada hawakupangiwa chumba Upanga. Wengi wamesogea pembeni, Bunju, Chanika, Kongowe na huku kwetu Kigamboni. Ukienda pembeni unauza muda ili ununue nafasi, na hakuna aibu katika biashara hiyo mradi ujue muda unaouzwa ni wa nani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za Bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, nchi kavu, mbali. Wapo waliorudi bondeni, tukawaita wakaidi. Mimi nawaelewa. Mama anayeuza chakula Kariakoo akilala Mabwepande, faida yote inaishia kwa konda.

Kwa kiwanja cha huku kuna la ziada. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mji mpya wa Kigamboni, na wenye maeneo wakaambiwa wasiendeleze. Miaka ikapita, watu hawawezi kuongeza hata chumba cha uani, na mji wenyewe haukujengwa. Kwa hiyo karatasi ya serikali ya mtaa yenye mihuri mitatu isikutoe machozi ya furaha. Nenda manispaa, idara ya ardhi, uone ramani ya mipango miji wewe mwenyewe, uulize eneo limepimwa kwa matumizi gani.

Kama hujui jiji, panga kwanza. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka, na dalali anataka mwezi mmoja wake, hivyo ukikosea unakaa na kosa lako mpaka kodi iishe. Ndiyo sababu ya kulala kwanza. Usiku mmoja kwa ndugu au gesti ni rahisi kuliko miezi sita.

Siku tatu baada ya Jumatatu ile wifi alikwenda peke yake Tungi, bila dalali, akazunguka akiuliza wauza vitumbua. Akapata vyumba viwili na sebule. Hakuna bahari ya kuonekana. Dirishani unaona ukuta wa jirani na tangi lake la maji. Shule ni dakika kumi kwa miguu, Feri ishirini. Mdogo wangu alinuna wiki nzima, kisha akazoea kukuta watoto wako macho.

Kiwanja cha Kimbiji alikinunua hata hivyo, baada ya manispaa kumthibitishia. Amepanda minazi sita. Huenda kuimwagilia kila Jumapili, na akirudi hutuambia barabara ilikuwa nyeupe.