Baada ya Miezi Mitatu

Barza ya Jumamosi, na Barasa Wekesa

Mtu aliyetekwa na chang'aa, jamaa zake wakauza ng'ombe ili akae miezi mitatu katika kituo cha tiba, aghalabu hurejea na siha njema na nia safi. Ila hurejea palepale alipotoka. Agosti ya mwaka wa shufwa, wakati wa tohara ya Wabukusu, chungu cha busaa huwekwa katikati, wazee wakakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, na kuukataa mrija unaopewa na ami yako ni kama kuukataa ukoo. Sisemi mila hiyo ifutwe, hasha. Nasema kijana aliyeacha pombe juzi asiachwe kushindana na ukoo mzima peke yake. Kitale nako, mahindi yakishauzwa, ujira humkuta kibarua hatua chache tu kutoka kwa mama pima, muuza chang'aa.

Kwa hiyo natetea nyumba ya kati: watu sita au wanane walioacha kilevi, wapange pamoja Kanduyi au Kibomet, wachangiane kodi, wapike kwa zamu, na atakayekunywa tena aondoke kwa kauli ya wenziwe. Wakazi wa makao yaliyokuwa yakifungwa kwa uhaba wa fedha huko Silver Spring, Marekani, walifanya hivyo mwaka 1975, wakaiita nyumba yao Oxford House, bila msimamizi wa mshahara, kila jambo likipigiwa kura. Unguja, waraibu wa heroini waliopata nafuu wanaziendesha nyumba zao za kupona, ziitwazo soba, na anayempokea mgeni mlangoni amewahi kutetemeka kama yeye. Tabibu huyajua maradhi. Lakini chupa iliyofichwa darini, na safari ya ghafla ya kununua kiberiti usiku, huzitambua aliyewahi kuzifanya.

Kinachokwamisha ni kodi na amana ya mwezi wa kwanza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 iliyataka majimbo yaweke mfuko wa kuzikopesha nyumba hizo hadi dola 4,000 kila moja, zirejeshwe ndani ya miaka miwili, wakopeshwe wengine. Nawasihi madiwani wa Bungoma na Trans-Nzoia waanze na nyumba mbili, moja iwe ya wanawake. Maana mama anayepika chang'aa ili alipe karo, naye akitaka kuiacha, pipa limo jikoni mwake mwenyewe.