Dakika Sita za Beethoven

Ndugu mmoja, msomaji wa safu hii, ameniletea barua yenye malalamiko. Anazo santuri mbili za wimbo mmoja, yaani ule ambao Beethoven aliutunga mwaka 1806 kwa ajili ya fidla moja na kundi kubwa la wapigaji. Ya kwanza aliipiga Jascha Heifetz mwaka 1940, kiongozi wa wapigaji akiwa Arturo Toscanini. Ya pili aliipiga Yehudi Menuhin mjini London mwaka 1953, kiongozi akiwa Wilhelm Furtwängler. Ya Heifetz humalizika kwa dakika 38 hivi; ya Menuhin huchukua karibu dakika 44. “Noti ni zile zile,” asema ndugu huyu, “basi dakika sita zimekwenda wapi? Mmoja wao ameniibia.”

Swali hili si la mzaha kama linavyoonekana. Juu ya sehemu ya kwanza Beethoven aliandika kwa Kiitaliano maneno yenye maana ya “kwa wepesi, lakini si kupita kiasi.” Kiasi gani? Hakusema. Ni kama baba amtumaye mwanawe sokoni na kumwambia asitumie fedha nyingi mno, bila kumtajia shilingi wala senti. Metronomu, chombo cha kuhesabia mapigo, Maelzel alikipatia hati mwaka 1815, na baadaye Beethoven aliziwekea simfoni zake tarakimu za mwendo. Wimbo huu wa fidla hakuuwekea. Kwa hiyo Heifetz ameshika neno “wepesi,” na Menuhin ameshika “si kupita kiasi,” na wote wawili wameyatii maandishi.

Sasa tutazame ufunguo. Wale walioimba kwa do-re-mi shuleni watanifahamu nikisema kwamba do ya wimbo huu ni D. Fidla ina nyuzi nne, nazo ni G, D, A na E. Mpigaji apigapo D au A aweza kuuacha uzi wazi bila kuubana kwa kidole, na hata asipougusa kwa upinde, uzi huo hutetemeka wenyewe kwa kuitika sauti ya jirani yake. Ndiyo sababu fidla katika ufunguo wa D hunena kwa kifua kilicho wazi. Brahms na Tchaikovsky waliupenda ufunguo huo huo walipotunga nyimbo zao za fidla mwaka 1878.

Lakini asidhani mtu kwamba ufunguo wa furaha huleta furaha tupu. Wimbo huu huanza kwa ngoma peke yake: mapigo manne ya taratibu, na la tano likianguka pamoja na mazumari yanapoingia. Mazumari huimba kwa utulivu. Kisha, ghafula, fidla za kundi hupiga mapigo yale yale ya ngoma kwa sauti ambayo haimo kabisa katika ngazi ya D. Ni kama mgeni abishaye hodi katikati ya chakula, wala haelezi ametoka wapi. Tangu hapo msikilizaji hana raha kamili, hata nyimbo ziwe tamu namna gani.

Mahali penye ugomvi hasa wa santuri hizi mbili ni katikati ya sehemu hiyo ya kwanza. Hapo wimbo hugeuka na kuingia katika G ya huzuni, fidla ikaomboleza peke yake kwa sauti ya chini, na mabaragumu nyuma yake yakigonga yale mapigo ya ngoma. Watu wa Pwani waliozoea fidla ya taarabu wanajua jinsi uzi mmoja uwezavyo kulia kama mtu. Menuhin hupunguza mwendo hapo hadi saa inakuwa kama imesimama. Heifetz hupita kama mtu mwenye msiba asiyetaka watu wayaone machozi yake. Beethoven hakuandika popote hapo kwamba mwendo upunguzwe.

Mimi nampenda Menuhin hapo, ingawa sheria iko upande wa Heifetz. Hata hivyo naona hatari yake. Mwendo ukilegea mno, mapigo ya mabaragumu hayatambulikani tena kuwa ni ndugu wa ile ngoma ya mwanzo, na huzuni inabaki bila nyumba. Sehemu ya pili ni ya taratibu kwa wote wawili, na ya tatu ni ya kuchezesha miguu. Hapo hakuna haja ya kesi.

Jambo moja zaidi. Menuhin alikuwa Myahudi aliyezaliwa New York. Furtwängler alibaki Ujerumani akiongoza wapigaji wakati wote wa utawala wa Hitler hadi mapema mwaka 1945. Mwaka 1947 Menuhin alikwenda Berlin akapiga wimbo huu huu pamoja naye, na Wayahudi wengi walimkasirikia sana. Sithubutu kusema kwamba upole wa santuri ya 1953 ulitoka huko. Lakini siwezi kuusikiliza nikiwa sijui.

Basi, ndugu yangu, hakuna aliyekuibia. Fanya hivi: weka santuri ya Heifetz, na ngoma inapoanza, gonga meza kwa kidole pamoja nayo, wala usiache kugonga hadi G ya huzuni ipite. Kisha fanya vivyo hivyo kwa Menuhin. Angalia ni wapi kidole chako kinaachana na fidla, ukaniandikie.