Kilichoshuka Ni Kasi, Si Bei

Kila mwaka wanafunzi wangu wa uchumi na sosholojia huniuliza: hisabati ya nini kwetu? Nawajibu kwa kapu la sokoni. Kapu la shilingi 20,000 likipanda kwa asilimia 10 huwa 22,000. Mwaka unaofuata likipanda kwa asilimia 5 huwa 23,100. Mtawala atatangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka kwa nusu, wala hasemi uongo. Bei, hata hivyo, zimepanda. Asiyetofautisha kiwango na kasi ya mabadiliko yake, somo la mwanzo kabisa la kalkulasi, atapiga makofi huku mfuko wake ukitoboka. Vyuo vinavyolipunguza somo hili ili wanafunzi wafaulu haviwahurumii: vinawaandaa kudanganywa leo na, kesho wakiwa maofisa, kutudanganya bila kujua.