TIBA YA KUBAHATISHA NA HESHIMA YA WANAWAKE WETU

Yapo maradhi ambayo sisi watu wa Visiwani huyataja kwa kunong'ona, na mengine hatuyataji kabisa. Kisonono, klamidia na sekeneko, ambayo Bara huitwa kaswende, ni katika hayo. Leo tumeamua kuyataja wazi katika gazeti hili la chama. Atakayeona haya na ampe mkewe asome, kwani khabari hii ni yake zaidi.

Nani kati yetu hana dada, binti au shangazi aliyevuka bahari kutafuta riziki Dar es Salaam? Wako Temeke na Mbagala, wako Kinondoni na Tandale. Wanapika vitumbua, wanashona, wameolewa huko. Mmoja wao akiona utoko usio wa kawaida, au akiumwa na tumbo la chini, mara nyingi hwenda kwanza katika duka la dawa la mtaani, akauziwa vidonge kwa kadiri ya fedha aliyo nayo mkononi. Sisi ni watu wa duka na hatuidharau biashara. Lakini kilo ya sukari ikipunguzwa nusu, hasara ni ya mnunuzi mmoja. Dozi ikipunguzwa nusu, vijidudu vilivyosalia huizoea dawa na kuhamia kwa mwingine. Kwa matumizi mabaya ya namna hiyo kisonono kimekwisha kuzishinda penisilini, tetrasaiklini na siproflokzasini katika sehemu nyingi za dunia, hata tegemeo kubwa limebaki sindano ya seftriaksoni.

Akienda zahanati, hukuta utaratibu ulioenea nchini tangu miaka ya 1990. Muuguzi humwuliza dalili, hufuata mchoro wa maswali, kisha humpa dawa za maradhi yote yanayodhaniwa kuileta dalili ile, pasipo kupima kitu. Tuseme haki: utaratibu huu haukuletwa kwa ujinga. Majaribio yaliyofanywa Mwanza baina ya 1991 na 1994, katika jumuiya 12, yalionyesha kuwa kutibu kwa dalili katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kiasi cha asilimia 40. Matokeo hayo yalipotangazwa mwaka 1995 dunia nzima iliyasikiliza. Na kwa mwanamume anayetokwa na usaha kubahatisha huko hakukosei sana.

Kwa mwanamke mambo ni mengine, na hapa ndipo ugomvi wetu na wakubwa ulipo. Utoko mwingi hautoki katika kisonono wala klamidia. Hutoka katika fangasi, au katika kuvurugika kwa bakteria wanaokaa ukeni kwa desturi, na hayo si ushahidi wa zinaa. Kwa upande wa pili, wanawake wengi wenye klamidia, na wengi wenye kisonono, hawana dalili yoyote. Basi mchoro ule humtibu asiyeumwa na humpita anayeumwa. Mizani ya namna hiyo ikikutwa dukani kwetu, mkaguzi ataichukua siku hiyo hiyo.

Asiyeumwa hupewa karatasi ya kumwita mumewe naye aje kutibiwa. Mume husoma nini katika karatasi ile? Husoma kuwa mkewe amezini; na mke, akiwa na uhakika wa nafsi yake, husoma kuwa mume ndiye mkosa. Sisi tuliokaa chuoni twajua jinsi sheria inavyoilinda heshima ya mwanamke: anayemtuhumu alete mashahidi wanne, na akishindwa, apigwe bakora themanini. Karatasi ile haina hata shahidi mmoja, maana hakuna kilichopimwa. (Hatusemi wauguzi wapigwe bakora. Masikini hao hutumia walichopewa.)

Ama yule ambaye maradhi yake yamenyamaza, vijidudu hupanda taratibu hadi mji wa mimba na mirija yake, na mirija huziba. Miaka hupita pasipo mtoto, akazungushwa kwa waganga, na mume akaoa wa pili. Pengine mimba hutunga ndani ya mrija, mrija ukapasuka, na ikawa ni damu na mauti. Na klamidia ingalijulikana mapema, doksisaiklini ya siku 7 ingalitosha, au azithromaisini kwa mwenye mimba.

Kwa sekeneko hakuna hata udhuru. Kipimo chake ni tone la damu ya kidole na majibu hupatikana kabla ya nusu saa; kipo hata kinachopima sekeneko na virusi vya UKIMWI kwa pamoja. Uchunguzi mwingine wa Mwanza, uliotolewa mwaka 2002, ulikuta kuwa miongoni mwa wajawazito ambao hawakupimwa, kiasi cha nusu ya watoto waliozaliwa wafu waliuawa na sekeneko. Waliopimwa na kutibiwa kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, hatari yao haikuwa kubwa kuliko ya wanawake wasio na maradhi. Sindano moja, na ni katika dawa za bei nafuu kabisa! Kituo cha wazazi kinachokosa kipimo hiki au sindano hii kina haja gani ya kufunguliwa mlango asubuhi?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mwanamke mwenye utoko apimwe kwa vipimo vya hakika vya vinasaba, na kubahatisha kubaki pale tu ambapo vipimo havipatikani. Tutaambiwa fedha hakuna. Lakini mashine zinazopima kifua kikuu katika hospitali nyingi nchini, zikitiwa katriji nyingine, hupima kisonono na klamidia kwa kiasi cha dakika 90. Mashine imekwisha kununuliwa. Kinachokosekana ni katriji na amri.

Kwa hivyo tunawataka wabunge watokao Visiwani wasimame Dodoma na waulize: zipo mashine ngapi za namna hiyo katika Temeke na Kinondoni, na ngapi kati ya hizo zimewahi kumpima mwanamke kisonono? Jibu litakalotolewa, liwe la tarakimu au la maneno matupu, tutalipiga chapa katika ukurasa huu huu.